Matanga ya Karbala yataanuliwa lini? Muharram kama tunavyoikaa Tanga

Mwana wa Chumbageni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Jirani yangu mmoja hapa Chumbageni, mzee ninayemwita mjomba ingawa hatuna nasaba, aliniona nikirudi nyumbani usiku mwanzoni mwa Mfungo Nne, yaani Muharram, nikiwa nimevaa kanzu nyeusi kama desturi yetu sisi Shia. Akanikaribisha barazani kwake, akanimiminia kahawa, kisha akaniuliza jambo ambalo naamini alikuwa nalo moyoni kwa miaka mingi: "Mwanangu, sisi tukifiwa tunakaa matanga siku tatu, tunayaanua, tunasoma hitima, basi. Nyinyi haya ya Hussein mtayaanua lini?" Hakuuliza kwa kejeli. Mzee huyu alikaa matanga ya marehemu baba yangu siku zote tatu, na ndiye aliyesimama juu ya kaburi mpaka udongo ukasawazishwa. Nilimjibu maneno mawili matatu ya haraka nikaenda zangu, lakini usingizi haukuja, kwa sababu nilijua kwamba sikumpa jibu analostahili. Ninaliandika hapa kwanza, mbele yenu, ili mnisahihishe kabla sijarudi barazani kwake.

Kwa wasiolijua tukio lenyewe nitasema kwa ufupi. Hussein bin Ali, mjukuu wa Mtume, alikataa kumpa mtawala Yazid bin Muawiya kiapo cha utii, akatoka Madina kwenda Makka, na watu wa mji wa Kufa walipomwandikia barua nyingi wakimwita, akashika njia ya Iraki pamoja na watu wa nyumba yake. Alifika Karbala tarehe 2 Muharram mwaka 61 wa Hijria. Tarehe 7 jeshi lililoongozwa na Umar bin Saad liliwazuia wasiyafikie maji ya mto Furati, na tarehe 10, siku ya Ashura, ambayo kwa miladi ni 10 Oktoba 680, aliuawa pamoja na ndugu na masahaba zake, ambao idadi yao mashuhuri ni 72. Vichwa vyao vilipelekwa Kufa na kisha Sham, yaani Syria, kwa Yazid, na wanawake na watoto wakapitishwa njia hiyo hiyo wakiwa mateka. Miili ilibaki mchangani, mpaka watu wa kabila la Banu Asad waliokuwa wakiishi karibu na hapo walipokuja kuizika.

Hapo penye miili kubaki mchangani ndipo lilipo jibu langu. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba matanga ni haki ya maiti na ni haki ya wafiwa. Maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa; wafiwa hukaa chini kwenye mkeka, jiko lao halikokwi, majirani huleta chakula, na kila anayeingia huwapa mkono na kuwahani. Tukishafanya hayo yote, tunayaanua matanga kwa dhamiri safi. Sasa mfikirie Zainab binti Ali, dada yake Hussein, jioni ya siku ile. Kaka yake hakuoshwa wala hakusaliwa mbele yake. Hema alizokuwemo zilitiwa moto. Badala ya majirani kumletea maji, alifungwa kamba akapelekwa mji hadi mji ili watu wamtazame. Matanga yake hayakukaliwa, na sisi tunaokaa kila mwaka tunaona kwamba bado tunalipa deni lile, na hatujaona mahali pa kusema kwamba limekwisha.

Niseme pia nilivyofika hapa, maana mimi si mtoto wa ukoo wa Kishia. Baba yangu alikuwa Mdigo, fundi cherehani, na kwa miaka mingi alishonea duka la mfanyabiashara mmoja wa Kikhoja, Shia wa asili ya India, hapa mjini. Ilipofika Muharram duka lilifungwa mapema, na yule mzee wa duka alimchukua baba kwenda naye imambara, yaani ukumbi wa maombolezo, mwanzo kumsaidia kubeba masufuria ya chakula tu. Majlisi, yaani vikao vya kusimulia msiba wa Karbala, zilisomwa kwa Kiurdu na Kigujarati. Baba hakuelewa hata neno moja. Lakini aliniambia kwamba usiku mmoja msomaji alipunguza sauti, akanyoosha mikono miwili mbele kama mtu aliyebeba kitu kidogo, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kilio, na yeye baba akajikuta analia pamoja nao huku hajui analilia nini. Walipotoka alimuuliza mzee wa duka, naye akamjibu kwa Kiswahili chake cha dukani: "Mtoto. Miezi sita. Baba anaomba maji ya mtoto, wanampiga mshale." Ndivyo Ali Asghar, mwana wa Hussein, alivyoingia nyumbani kwetu. Mdogo wangu aliyezaliwa mwaka uliofuata akapewa jina hilo.

Mimi nilikulia katika hali tofauti. Ndugu wengi hawajui kwamba uamuzi wa kuifikisha madhehebu hii kwa Waafrika kwa lugha zao una mizizi hapa hapa Tanga: ulipitishwa mwaka 1964, mkutano wa jumuiya za Khoja Shia Ithnaasheri za Afrika ulipofanyika mjini kwetu, na katika juhudi hizo ndimo ilimozaliwa Bilal Muslim Mission, ambayo nguzo yake alikuwa Sayyid Saeed Akhtar Rizvi. Kwa hiyo majlisi ninazozikumbuka utotoni ni za Kiswahili. Nilikaa kati ya magoti ya baba, na msomaji alipofika kwa Abbas, ndugu yake Hussein, aliyekwenda mtoni na kiriba cha maji, akakatwa mkono wa kulia, akakihamishia kiriba mkono wa kushoto, akakatwa na huo, akakishika kwa meno, nilihisi kifua cha baba kikitetemeka mgongoni mwangu kabla sijasikia sauti yake. Miaka yote aliyokwenda kule alikuwa akilia kwa ishara. Sasa alikuwa akilia kwa maneno.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaoona tofauti na mimi.

Binti wa Sahare

Waalaykum salaam, kaka. Umeandika vizuri, lakini umeacha upande wa pili wa pazia, na mimi nimekulia huko.

Kwetu sisi wanawake, majlisi nyingi hazifanyiki imambara. Hufanyika majumbani, asubuhi au alasiri, samani zikishatolewa sebuleni na mikeka ikatandikwa hadi ukutani. Bibi yangu alikuwa na kaniki moja aliyoitoa sandukuni usiku wa mwezi kuandama na kuirudisha baada ya siku ya arobaini, ambayo huangukia tarehe 20 ya Mfungo Tano, yaani Safar. Hakuivaa msiba mwingine wowote, hata alipofiwa na mumewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni umaskini, kwamba hana nguo nyingine nyeusi. Baadaye ndipo alipoketi nami akaniambia kwamba nguo ile ina mwenyewe.

Jambo ninalotaka liandikwe katika uzi huu ni kwamba bila wanawake hakuna ambaye angekuwa anakumbuka. Wanaume wa Karbala waliuawa karibu wote. Ali bin Hussein, tunayemwita Zainul Abidin, alisalimika kwa sababu alikuwa mgonjwa hakuweza kupigana. Aliyesimama Kufa akawasemesha watu waliomwita kaka yake kisha wakamwacha, na aliyesimama Sham mbele ya Yazid mwenyewe akamkana hadharani, ni Zainab. Ndiye msomaji wa kwanza wa majlisi. Kila mama anayeketi mbele ya wenzake katika sebule ya Sahare au Makorora na kusimulia, amekaa mahali pake.

Na kuna elimu inayopita hapo ambayo haipiti madrasa. Wasichana wadogo hawafundishwi nauha, yaani tungo za maombolezo, kwa kukaririshwa. Hukaa karibu na mwenye sauti, wakaitikia, wakakosea, wakatazamwa, na mwaka wa pili au wa tatu mmoja wao hujikuta anaongoza.

Ibn Ngamiani

Ndugu mwanzilishi, mimi ni Sunni, Mshafii, na naandika kwa heshima kwa kuwa umeomba wenye mtazamo tofauti.

Kwanza, mapenzi ya Ahlul Bayt, watu wa nyumba ya Mtume, si mali ya Shia peke yao, na hapa kwetu tuna ushahidi wa maandishi. Hemed Abdallah al-Buhriy, mshairi na mwanachuoni wa pwani yetu ya Tanga, yule yule aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alitunga pia utenzi mrefu wa Seyyidna Huseni bin Ali, uliokuja kuchapishwa baadaye sana, mwaka 1965, kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Ukoo wa al-Buhriy ni ukoo wa masheikh wa Kisunni. Kwa hiyo kabla majlisi za Kiswahili unazozisema hazijaanza, tayari kifo cha Hussein kilikuwa na tungo ya Kiswahili, na ilitungwa na mtu wetu.

Pili, sisi tarehe 9 na 10 tunafunga, kwa hadithi iliyo maarufu kuhusu Nabii Musa kuokolewa. Mtu akiniona nimefunga Ashura asidhani ninafurahia kuuawa kwa mjukuu wa Mtume. Nimewahi kutupiwa neno hilo na kijana mmoja wa upande wenu, na liliniuma.

Tatu, hadithi sahihi inaweka mpaka wa siku tatu za kuomboleza, isipokuwa mke kwa mumewe, ambaye ni miezi minne na siku kumi. Na kujipiga kwa ajili ya maiti kumekatazwa kwa maneno makali. Sielewi namna mnavyopita hapo, na ningependa kuelezwa badala ya kudhania.

Mwana wa Chumbageni

Ndugu yangu Ibn Ngamiani, Allah akulipe kheri. Nianze na lililokuuma. Kijana yule alikosea, nami nakuomba radhi kwa niaba ya nyumba nisiyoiongoza lakini ninayoishi ndani yake. Sisi siku hiyo hatufungi. Tunajizuia kula na kunywa mpaka alasiri bila kutia nia ya saumu, kwa kukumbuka kiu ya watu wale. Majirani wawili wanaweza kukaa na njaa siku moja kwa sababu mbili tofauti wasigombane.

Kuhusu mpaka wa siku tatu, wanavyuoni wetu wanatofautisha kati ya mtu kuacha shughuli zake na mapambo yake kwa ajili ya jamaa aliyekufa, na umma kuukumbuka msiba wa dini yake. Qurani inatuambia kwamba Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na hakulia siku tatu. Najua wanavyuoni wenu wana majibu yao kwa hoja hiyo, na sitarajii tuimalize hapa.

Kuhusu kujipiga, naomba nieleze ninachokifanya mimi mwenyewe. Maatam tunayopiga ni kiganja kwenye kifua. Husimama safu mbili zikitazamana, anayesoma nauha hukaa kati, na mikono huinuka pamoja ikashuka pamoja, hata baada ya dakika chache husikii tena mtu mmoja mmoja, unasikia pigo moja tu, zito, linalotoka sakafuni na kupanda magotini. Kiganja changu huwa chekundu, kifua kikawa na joto, na asubuhi nikivaa shati nahisi mguso wake. Basi. Mambo ya kujikata kichwa kwa panga, ambayo wengi huyaona kwenye picha wakadhani ndiyo Ushia wenyewe, yana mgogoro mkubwa ndani ya Shia wenyewe. Mwanachuoni wetu Sayyid Muhsin al-Amin aliyapinga tangu miaka ya 1920 huko Sham na akatukanwa sana kwa hilo. Ayatullahi Ali Khamenei wa Iran aliyakataza mwaka 1994. Mimi niko pamoja na wanaoyakataza. Damu yangu naiona ina kazi nzuri zaidi katika mfuko wa kuchangia damu wa hospitali, na katika miji mingi siku hizi Ashura imekuwa siku ya kuchangia damu.

Na kuhusu utenzi wa al-Buhriy, nakiri kwamba nilipaswa kuuanzisha mimi. Umenifunza.

Mjukuu wa Kutch

Wazee wangu walikuja pwani hii kwa jahazi kutoka Kutch, India, nami ningependa kusema neno kuhusu wale wazee wa duka.

Babu yangu alikuwa akisema kwamba mtu aliyeiacha nchi yake hubaki na vitu viwili tu: chakula chake na kilio chake. Jumuiya yetu ilikuwa changa. Wakhoja Ithnaasheri tulijitenga na ndugu zetu wa Aga Khan, yaani Waismailia, katika karne ya 19, kwa mivutano iliyogawa familia, na majlisi ya Muharram ndiyo iliyokuwa alama ya nje ya kwamba sisi ni nani. Kila mji wa pwani wenye familia chache za kwetu ulijenga msikiti, na pembeni yake imambara.

Lakini kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo moyo wa yote. Kabla ya majlisi kuanza, au baada ya kumalizika, husomwa majina ya marehemu wa familia iliyogharamia chakula cha usiku huo, na watu wote huwasomea Fatiha. Majina hayo huandikwa kwenye kikaratasi. Mimi nina cha mwaka ambao mama yangu aliingia humo kwa mara ya kwanza. Nilikichukua mkononi mwa msomaji baada ya watu kutoka, kikiwa kimelowa jasho la kidole chake kwenye herufi ya kwanza. Kwa namna hiyo wafu wetu wa Tanga, ambao hakuna kitabu kitakachowaandika, wamekaa mstari mmoja na mashahidi wa Karbala kila mwaka, na watoto wamewasikia kwa sauti.

Siku hizi watoto wetu Kigujarati hawakijui, Kiurdu wanakisikia kama baba yake Mwana wa Chumbageni alivyokisikia. Wengine wamehamia Dar es Salaam, wengine Ulaya na Kanada, na imambara nyingine za miji midogo zina watu wachache mno. Zamani nilihuzunika. Kisha mwaka juzi nilikaa nyuma katika majlisi ya Kiswahili, msomaji akiwa kijana wa Kizigua, na alipomtaja mtoto wa miezi sita alinyoosha mikono miwili mbele, vile vile alivyofanya msomaji wa utotoni mwangu aliyetoka India. Hakuwahi kumwona mtu yule. Ishara ilikuwa imepita mkono kwa mkono ikamfikia.

Mtoto wa Manamba

Nawasoma kutoka Muheza. Baba yangu alikuja huku kukata mkonge, kwa hiyo habari za watu waliosafirishwa kwenda kufanya kazi za mashamba hunigusa.

Wahindi waliopelekwa Trinidad kukata miwa walikwenda na Muharram yao, ambayo huko huitwa Hosay. Walitengeneza majengo ya mfano wa kaburi la Hussein kwa mianzi na karatasi za rangi, wakayatembeza hadi baharini, na Wahindu walishiriki pamoja na Waislamu, na hata Waafrika walipiga ngoma. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku maandamano hayo kuingia mijini, na tarehe 30 Oktoba 1884 polisi waliwafyatulia risasi huko San Fernando, wakaua watu kadhaa. Hosay haikufa. Nchini Iraki nako serikali ya chama cha Baath ilizuia watu kutembea kwa miguu kutoka Najaf hadi Karbala, mwendo wa kilomita 80 hivi, kama kutoka Tanga mjini kuja huku Muheza na kurudi, na mwaka 1977 waliokaidi waliuawa na wengine wakafungwa. Baada ya 2003 njia ilipofunguliwa, watu wakarudi kwa mamilioni. Huko nyuma kabisa, mwaka 352 wa Hijria, wakati wa watawala wa Kibuwayhi, masoko ya Baghdad yalifungwa kwa mara ya kwanza siku ya Ashura ili watu waomboleze hadharani, na karne moja kabla ya hapo khalifa Mutawakkil alikuwa ameamuru kaburi la Hussein lisawazishwe na ardhi, kisha palimwe.

Mimi si Shia. Lakini nimejiuliza kwa nini watawala, kila zama, waliogopa watu wanaolia.

Binti wa Sahare

Kwa sababu mwenye kulia anataja jina la aliyeuawa, na jina la aliyeua.

Ibn Ngamiani

Mwana wa Chumbageni, nimesoma maelezo yako mara mbili. Kuhusu hoja ya Nabii Yaaqub bado nina la kusema, nitalileta nikishatulia, kwa sababu huzuni ya moyo na macho haikatazwi na hakuna anayebishana juu yake. Kuhusu kilio kwa jumla tuko karibu zaidi kuliko nilivyodhani. Je, mjomba wako umeshamrudia?

Mwana wa Chumbageni

Nimemrudia, jana baada ya isha. Nilimweleza habari ya matanga yasiyokaliwa kama nilivyoiandika hapa, naye akanyamaza muda mrefu akizungusha kikombe. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba hata maji ya kumwoshea hayakupatikana na mto uko pale pale. Nikamwambia ndivyo ilivyopokewa. Akasema, "Basi aliyewazuia maji hakuwa mtu wa pwani."

Nilimtajia pia utenzi wa al-Buhriy. Kumbe anaufahamu, baba yake alikuwa na nakala, na mzee mwenyewe anakumbuka mahadhi yake ingawa maneno yamempotea. Nimempelekea nakala niliyoazima. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila Alhamisi baada ya magharibi mimi nitasoma beti, yeye atanisahihisha mahadhi. Jana tulisoma kurasa nne. Mara tatu alinisimamisha kwa kunigusa goti, akaimba ubeti ule ule upya, taratibu, kama ulivyokuwa ukiimbwa nyumbani kwao.